Kupe wa Usiku: Mwongozo Kamili wa Kumsaka Anayenyonya Betri ya Gari Lako

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, unataka kuiwahi foleni. Unabonyeza remoti, kimya. Unafungua mlango kwa ufunguo, unawasha swichi, dashibodi inamulika kama kibatari kilichoishiwa mafuta, stata inalia tik-tik-tik, basi. Jirani anakuja na nyaya za kubusti, gari linawaka, na kabla hajamaliza kukunja nyaya zake ameshatoa hukumu: "Hiyo betri imekufa. Nunua nyingine."

Mimi nilinunua. Miezi saba baadaye nikanunua tena. Ya pili nayo ilipoanza kulala ndipo nikaingia duka la vifaa vya umeme nikatoka na multimita, ile ambayo mafundi wengi huiita testa. Bei yake haikufika hata robo ya bei ya betri moja. Jioni ile ile nikajua kwamba betri zangu zote mbili hazikuwa na kosa. Kifaa cha kufuatilia gari, nilichofungiwa na fundi chini ya dashibodi kwa ajili ya wezi, kilikuwa kinakula umeme usiku kucha bila kusinzia.

Enzi za Ujamaa mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake aliitwa kupe. Jina hilo linamfaa sana mgeni wa namna hii, na ndilo nitakalotumia.

Gari lililozimwa halijalala

Gari la zamani ukilizima, kilichobaki kikila umeme ni saa ya kwenye dashibodi, tena kama saa yenyewe inafanya kazi. Magari ya sasa ni tofauti. Ukishafunga milango, kuna alamu inayolinda, kipokezi kinachosubiri remoti, kumbukumbu ya kompyuta ya injini, redio inayokumbuka stesheni zako, na kwa magari ya kuwasha kwa kitufe kuna antena zinazomtafuta mwenye ufunguo.

Kompyuta hizi hazizimiki papo hapo. Zimeunganishwa kwa mtandao wa ndani wa gari, na zinalala pale tu zote zinapokubaliana kulala. Ni kama bweni la shule: mmoja akiendelea kupiga soga, hakuna anayepata usingizi. Ndiyo maana kifaa kidogo kisicho na maana kinaweza kusababisha ulaji mkubwa. Chenyewe hakili sana, ila kinawaweka macho wengine.

Gari lililolala vizuri hutumia takriban miliampea 20 hadi 50 (miliampea elfu moja ni ampea moja). Ukipita 50, anza kuuliza maswali. Ukipita 100, karibu kila mara kuna kupe.

Sasa hesabu. Chukua betri ya ampea-saa 45, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 45, saizi ya kawaida kwa magari madogo ya Kijapani. Miliampea 30 kwa saa 24 ni ampea-saa 0.72, kwa hiyo gari linaweza kukaa mwezi mzima kabla nusu ya chaji haijaisha. Miliampea 250 ni ampea-saa 6 kwa siku. Nusu inakwisha kabla ya siku ya nne. Taa ya buti ya wati 5 iliyokataa kuzima inakula karibu ampea-saa 10 kwa siku. Ijumaa unaegesha, Jumapili jioni unaomba nyaya.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache wakati wa kupiga stata, halafu irudishiwe. Ikiachwa tupu, fuwele za salfeti hujijenga kwenye bamba za risasi na kuwa ngumu, na chaji haiingii tena kama zamani. Kwa hiyo kupe asipokamatwa mapema, hukumu ya jirani inakuja kuwa kweli.

Kwanza pima betri na altaneta

Usianze kumsaka kupe kabla hujajua hali ya betri yenyewe na mashine inayoichaji.

Angalia vichwa vya betri. Kikiwa na unga mweupe au wa kijani, au ukikishika kinacheza, kisafishe kwa maji ya moto na magadi, kaza kwa spana namba 10, kisha ndiyo uendelee. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima kwa sababu ya nati iliyolegea.

Kisha acha gari likae limezimwa saa kadhaa, usiku mzima ni bora. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hesabu kwamba imekwisha. Ukiwa na haraka na gari limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Bila hivyo mita itakudanganya kwa chaji ya juujuu.

Mtu mwingine apige stata huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya volti 9.6, na betri ilikuwa imejaa kabla ya hapo, betri imechoka.

Gari likiwaka, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.7. Hapa mafundi wengi hukosea. Magari mengi ya sasa, Honda na Mazda yakiwemo, kompyuta ndiyo inayoiamuru altaneta, na betri ikijaa volti zinaweza kushushwa hadi 12 na pointi ili kuokoa mafuta. Ukiona hivyo usikimbilie kununua altaneta. Washa taa kubwa na kiyoyozi, subiri dakika moja, pima tena. Zikipanda, altaneta ni nzima.

Na jiulize unaendeshaje. Safari ya dakika kumi kwenda sokoni na kurudi, kiyoyozi juu, feni inazunguka, simu mbili zinachajiwa, huenda isirudishe hata kile stata ilichochukua. Hapo hakuna kupe. Gari linahitaji safari ndefu au chaja ya ukutani. Joto la pwani nalo linachangia, kwani betri ya Dar es Salaam au Mombasa huchoka mapema kuliko ya mahali penye baridi kama Njombe au Limuru, ingawa baridi ndiyo inayoiumbua betri iliyokwisha choka.

Chaji betri ijae kabla ya hatua inayofuata. Betri tupu hutoa majibu ya uongo.

Kutega mtego

Unahitaji multimita yenye tundu la ampea 10, kipande cha waya mnene chenye vibano ncha zote mbili, bisibisi, na uvumilivu wa nusu saa. Uvumilivu ndio unaowashinda wengi.

Zima kila kitu. Fungua boneti. Fungua mlango wa dereva, kisha kwa bisibisi sukuma loki ya mlango ijifunge, kana kwamba mlango umefungwa. Sasa gari linaamini mlango umefungwa lakini wewe unalifikia boksi la fyuzi la ndani bila kuliamsha. Kama boneti nayo ina swichi ya alamu, ibane vilevile. Ukimaliza usisahau kukivuta kitasa ili loki ifunguke kabla ya kuubamiza mlango. Ukisahau, utavunja loki.

Funga gari kwa remoti, kisha peleka ufunguo mbali, mita kumi na zaidi, ndani ya nyumba. Kwa magari ya kitufe hili ni lazima. Ufunguo ukiwa mfukoni mwako, gari na ufunguo vinaendelea kusalimiana, na utapima salamu zao badala ya kumpima kupe.

Halafu usiguse kitu kwa dakika 30. Magari mengine hulala baada ya dakika kumi, mengine huchukua karibu saa nzima. Ukipima mapema utaona ampea moja, mbili hata tatu, na utaanza kung'oa fyuzi za gari lisilo na ugonjwa wowote.

Kusoma mkondo bila kuliamsha gari

Njia rahisi ni mita ya koleo inayopima mkondo wa DC, ile unayoibana kuzunguka waya wa hasi bila kufungua chochote. Hakikisha inapima DC na inaweza kusoma miliampea. Nyingi za bei rahisi hupima umeme wa nyumbani tu.

Kwa multimita ya kawaida, mita inapaswa kukaa katikati ya njia ya umeme, na hapo ndipo watu hukosea. Wanachomoa waya wa hasi, umeme unakatika, wanaweka mita, na gari linaamka upya kana kwamba limezaliwa leo. Kupe aliyetokana na kompyuta iliyogoma kulala anapotea, mita inasoma vizuri, nawe unashangaa. Isitoshe, redio nyingi za Toyota zilizotoka Japani umeme ukikatika hujifunga na kuomba namba ya siri au kadi ya ramani, kwa Kijapani, na kuifungua ni gharama nyingine. Fanya hivi:

1. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, na kitufe kwenye ampea za DC. Ukiuacha kwenye tundu dogo la miliampea, fyuzi ya mita itaungua.
2. Kabla ya kuchomoa chochote, bana ule waya mnene: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye kichwa cha waya wa hasi wa gari.
3. Sasa legeza kichwa cha hasi na ukiondoe kwenye nguzo. Umeme haujakatika; unapita kwenye waya wako.
4. Unganisha mita vilevile, mweusi kwenye nguzo ya betri, mwekundu kwenye kichwa kilichoondolewa.
5. Subiri zile dakika 30, kisha ondoa waya mnene taratibu. Umeme wote sasa unapita ndani ya mita. Soma namba.

Wakati mita iko hapo, usipige stata, usiwashe swichi, usifungue mlango. Stata huvuta zaidi ya ampea mia, na mita yako ina uwezo wa kumi tu. Ukihitaji kuliamsha gari, rudisha kwanza waya mnene.

Tazama mita kwa dakika kumi hivi, usitazame mara moja ukaondoka. Namba inayotulia kwenye 0.03, yaani miliampea 30, ni gari lenye afya. Namba iliyokaa palepale kwenye 0.40 mara nyingi ni taa au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoganda. Namba inayoruka, 0.03 halafu 0.60 halafu 0.03 tena kila baada ya muda, ni kitu kinachoamka na kulala: kifaa cha kufuatilia kinachotuma taarifa, alamu, au kompyuta inayoamshwa na jirani yake.

Kumfuata hadi kwenye fyuzi

Njia ya kizamani ni kung'oa fyuzi moja moja hadi mkondo ushuke. Kwa gari la zamani ni sawa. Kwa gari la sasa, kung'oa na kurudisha fyuzi huamsha kompyuta, na kila mara unasubiri tena nusu saa. Utakesha.

Kuna njia safi zaidi. Fyuzi ni waya mwembamba, na waya una ukinzani mdogo. Mkondo ukipita, panatokea tofauti ndogo ya volti kati ya ncha zake mbili. Kwenye mgongo wa fyuzi nyingi kuna vijitundu viwili vyenye chuma kinachoonekana. Rudisha kichwa cha hasi mahali pake, huku waya mnene ukiwa umebanwa ili umeme usikatike, acha gari lilale tena, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti, weka kipimo cha milivolti, kisha gusa vijitundu hivyo viwili kwa ncha za mita, fyuzi baada ya fyuzi.

Ikisoma 0.0, hakuna kinachopita. Ikisoma namba yoyote, huyo ana kesi ya kujibu. Kwa fyuzi ndogo ya ampea 10, milivolti moja ni kama miliampea 130. Kwa fyuzi ya ampea 20 au 30 milivolti ile ile inamaanisha mkondo mkubwa zaidi, maana waya wake ni mnene. Boksi la ndani na lile la chini ya boneti, yote mawili, huchukua dakika kumi tu.

Ukiipata fyuzi, soma mfuniko wa boksi ujue inalisha nini. Kwa magari yaliyotoka Japani maandishi huwa ni vifupisho: DOME ni taa za ndani na vifaa vya kumbukumbu, RADIO inajieleza, ECU-B ni umeme wa kudumu wa kompyuta. Kisha ng'oa kifaa kimoja kimoja kwenye njia hiyo, siyo fyuzi, hadi namba ishuke.

Fyuzi zote zikiwa safi na mkondo bado mkubwa, mtazame altaneta. Ndani yake kuna dayodi zinazozuia umeme wa betri kurudi nyuma, na moja ikivuja inanyonya bila kupitia boksi dogo la fyuzi. Kipimo cha bure: asubuhi, kabla hujawasha gari, shika altaneta. Ikiwa ya vuguvugu wakati injini yote ni baridi, umemkamata. Kuhakikisha, ondoa hasi ya betri, fungua waya mnene wa altaneta, ufunge utepe usiguse chuma, rudisha hasi, pima tena.

Watuhumiwa wa kawaida kwetu

Uzoefu wangu, na wa mafundi niliokaa nao chini ya miembe yao, ni kwamba kupe wengi hawakutoka kiwandani. Tumewafunga wenyewe.

Kifaa cha kufuatilia gari ndiye namba moja. Kizuri hulala gari likiegeshwa na kula miliampea chache. Kibaya, au kilichopangwa vibaya, hutuma mahali ulipo kila baada ya sekunde 30 hata gari likiwa uani. Mahali penye mtandao hafifu kinahangaika zaidi. Mwambie aliyekifunga apange muda wa kulala, na waya wake wa kutambua swichi uunganishwe kweli kwenye swichi. Wengine huuacha unaning'inia, nacho kikaamini gari linatembea daima.

Redio za skrini za Android zinafuata. Redio huwa na waya wa njano wa umeme wa kudumu na mwekundu wa swichi. Fundi akikosa waya wa swichi anaunganisha nyaya zote mbili pamoja. Redio inawaka, mteja anafurahi, analipa. Skrini inaonekana imezima lakini ndani iko macho.

Halafu kuna kamera ya kioo cha mbele yenye ulinzi wa maegesho, alamu juu ya alamu, na kile kidude cha kusomea kompyuta ya gari kinachoachwa kwenye tundu la chini ya usukani. Tundu hilo lina umeme wa kudumu, na kidude kinaweza kulizuia bweni zima lisilale. Yule dada wa Kijapani anayezungumza ukiwasha gari mwacheni, kwa kawaida yeye ni mtu wa swichi, ukizima analala.

Taa ya buti na ya sanduku la dashibodi: weka simu ndani inarekodi video, funga, fungua, tazama.

Wakati mwingine kosa ni la kiwanda kweli. Marekani, wamiliki wa Subaru, wakiwemo wa Forester na Outback za 2015 hadi 2020, walifungua kesi wakidai magari yao yanamaliza betri yakiwa yameegeshwa, na ikaisha kwa makubaliano. Ukiwa umeondoa vyote ulivyofunga na mkondo bado upo, tafuta fundi mwenye kompyuta ya kusoma gari la aina yako.

Mahaibridi

Aqua na Prius, Toyota zinazotumia petroli na umeme, zina betri ndogo ya volti 12 mbali na ile kubwa. Ikilala, gari zima limekufa hata kama betri kubwa imejaa, kwa sababu hiyo ndogo ndiyo inayoziamsha kompyuta. Haipigi stata, kwa hiyo haikuonyi kwa kuvuta pole pole; siku moja inagoma tu. Kwa nyingi iko ndani ya gari, nyuma, ndiyo maana inatakiwa iwe ya aina maalumu iliyozibwa yenye mpira wa kutolea gesi nje. Kufunga ya kawaida ya maji ni hatari. Kuichaji, acha gari kwenye READY, yaani limewaka tayari kwa safari. Kwenye swichi tu bila READY unaimaliza. Na usilitumie haibridi kubusti gari la jirani.

Ukilazimika kubusti au kununua

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka na cheche ya mwisho haitakiwi karibu nayo. Kuondoa ni kinyume chake. Gari la automatiki usilisukume, halitawaka.

Ukinunua, soma maandishi. 46B24L na 46B24R ni betri moja, tofauti ni upande wa nguzo, na ukikosea nyaya hazifiki. Gari linalojizima kwenye mataa linahitaji aina yake, zenye alama kama M-42, N-55 au Q-85. Ukifunga ya kawaida itakufa mapema. BMW nyingi za karibuni, betri mpya husajiliwa kwenye kompyuta ya gari, la sivyo inaendelea kuichaji kana kwamba ni ile ya zamani.

Ukienda kwa fundi umeme, nenda na karatasi: volti za asubuhi, mkondo baada ya dakika 30, fyuzi iliyosoma milivolti, na orodha ya vyote vilivyofungwa baada ya gari kutoka bandarini. Yangu ilikuwa na mistari minne. Fundi aliisoma, akalala chali chini ya usukani, akahamisha waya mmoja. Tulipopima tena usiku, mita ilisoma miliampea 28.